Kabla ya Kununua Kombaini



Katika nchi nyingi za Afrika, picha ipendwayo na magazeti wakati wa mavuno ni ile ya kombaini mpya, nyekundu au ya kijani, iking'aa juani katikati ya shamba la ngano, na mkubwa fulani ameketi kwenye kiti cha dereva akiwapungia watu mkono. Picha hiyo yatangaza kwamba siku za mundu zimekwisha. Ni mara chache kuiona picha ya pili, ambayo ingefaa ipigwe mahali pale pale baada ya miaka minne au mitano: kombaini ile ile imesimama chini ya mti, matairi yameishiwa pumzi, kuku wanataga ndani ya tangi la nafaka, na wakulima wamerudi shambani na miundu yao.

Mazungumzo yetu ya leo yahusu yale yaliyomo baina ya picha hizo mbili. Hatukusudii kuikashifu mashine, maana hakuna nchi iliyojilisha kwa kuogopa mashine. Wala hatukusudii kuisifu kama wanavyoisifu wauzaji wake. Twataka kuitazama ilivyoundwa, kwa sababu wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa; na kila kilichoundwa kiliundwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa haja zake. Swali letu ni moja: haja hizo ni za nani?

Tuanze na kazi yenyewe. Mkulima wa nafaka, tangu zama za kale, ana kazi tatu za mavuno. Hukata mabua, hupura masuke ili punje zitoke, kisha hupepeta ili makapi yapeperuke na punje zibaki. Kombaini ni mashine iliyoziunganisha kazi hizo tatu katika mwendo mmoja, na ndiyo maana ya jina lake. Huko Michigan, Marekani, mtu mmoja aitwaye Hiram Moore, pamoja na mwenziwe John Hascall, alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1836. Ilivutwa na kundi zima la farasi. Kabla karne hiyo haijaisha, wakulima wa California walikuwa wakifunga farasi na nyumbu zaidi ya 30 mbele ya mashine moja. Huko Australia, katika miaka ya 1880, Hugh Victor McKay alitengeneza mashine yake iliyonyofoa masuke na kuyaacha mabua yamesimama.

Mashine ijiendeshayo yenyewe kwa injini ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 kampuni ya Massey-Harris ya Kanada iliruhusiwa kupata chuma cha kuundia kombaini 500 za ziada, wakati ambapo chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao kwa ajili ya vita. Kombaini hizo ziliuzwa kwa watu waliovuna kwa kukodishwa, zikaanza kusini, Texas, zikafuata ngano ilivyoiva kuelekea kaskazini hadi mpaka wa Kanada. Vijana walikuwa vitani, mikono ilikuwa haba, na mkate ulitakiwa. Tuliweke jambo hilo akilini: kombaini ilikomaa katika nchi yenye mashamba mapana na upungufu wa watu.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kiini cha kombaini ya kawaida ni ngoma ya chuma izungukayo kwa kasi mbele ya wavu wa chuma uliopinda. Mabua hupita baina ya viwili hivyo, masuke yakagongwa na kusuguliwa, punje zikaanguka kupitia kwenye wavu. Kwa ngano, ukingo wa ngoma hiyo huenda kadiri ya mita 30 kwa sekunde, nayo ni kasi ya gari liendalo zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Na hapa ndipo yanapoanza mapatano ambayo hakuna fundi awezaye kuyakwepa. Ukiiongeza kasi, au ukiukaza wavu karibu na ngoma, punje zote zitatoka lakini nyingi zitapasuka. Na punje iliyopasuka haifai kwa mbegu, huliwa upesi na fukusi, na huota ukungu ghalani. Ukiipunguza kasi na kuulegeza wavu, punje zitatoka nzima, lakini masuke mengine yatatupwa nyuma yakiwa bado na punje zake.

Hali ni hiyo hiyo katika kupepeta. Chini ya mashine mna feni na machekecheke. Upepo ukiwa mkali, makapi huruka vizuri, na punje nyepesi huruka pamoja nayo. Upepo ukiwa dhaifu, tangi hujaa makapi na vipande vya mabua. Mama apepetaye kwa ungo huyajua haya kwa mikono yake: huutazama upepo, akageuka, akainua au kushusha ungo. Kombaini haigeuki yenyewe. Yangoja dereva aijuaye kazi. Na tena, kipimo kilichofaa saa 2 asubuhi, wakati mabua yana umande, hakifai saa 8 mchana yakiwa yamekauka. Dereva asiyeshuka kutazama nyuma ya mashine yake amwaga chakula cha watu bila ya kujua.

Tupige hesabu ndogo ili jambo hili lisibaki maneno matupu. Tuseme shamba latoa tani 3 za ngano kwa hekta, na kombaini yapoteza asilimia 1 tu, kiasi ambacho mafundi hukiona kuwa kizuri. Asilimia 1 ya tani 3 ni kilo 30 kwa hekta, yaani gramu 3 katika kila mita mraba. Punje moja ya ngano ina uzito wa kadiri ya sehemu 40 za elfu za gramu. Kwa hiyo gramu 3 ni kama punje 75. Mkulima akiinama akahesabu punje 75 katika kila mita mraba ya shamba lake, na ajue kwamba mashine yafanya kazi njema. Akikuta punje 400 zimeenea kila mahali, basi gunia zaidi ya moja na nusu la kilo 100 limelala chini katika kila hekta, nalo halitarudi ghalani.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina mtego wake. Kombaini ikatayo upana wa mita 9 hutupa takataka zake zote nyuma katika ukanda mwembamba, pengine wa mita 1 na nusu, ikiwa haina kifaa cha kuzitawanya. Punje zilizopotea hujikusanya mle mara sita zaidi. Asiyejua huona zulia la punje akapiga kelele za kuibiwa, au, kinyume chake, huhesabu pembeni mwa ukanda huo akafurahi bure. Mashine za siku hizi zina vibao nyuma visikilizavyo punje zikigonga, na mshale mbele ya dereva hupanda na kushuka. Lakini mshale huo husema tu kwamba hasara imezidi au imepungua. Haujui ni kilo ngapi mpaka mtu ashuke, ahesabu kwa vidole, kisha aulinganishe. Kifaa hicho hakijamwondolea mwanadamu wajibu wa kuinama.

Kwa muda mrefu, kilichozuia kombaini kwenda kasi zaidi kilikuwa sehemu ya nyuma ya ngoma, mle ambamo mabua hurushwarushwa ili punje zilizonaswa ndani yake zianguke. Ukilisha mashine mabua mengi kupita kiasi, punje hukosa nafasi ya kuanguka, na hasara huongezeka ghafula badala ya polepole. Mwaka 1975 kampuni ya New Holland ilitoa kombaini yenye mitungi miwili mirefu izungukayo mahali pa mpango huo wa zamani, na mwaka 1977 International Harvester ikatoa yake yenye mtungi mmoja. Mabua huzunguka humo mara kadhaa, punje zikatoka kwa kusuguana taratibu. Faida ilikuwa kubwa: punje hazikupasuka sana na kazi ilikwenda mbele.

Lakini kila faida ilidai malipo yake. Mitungi hiyo hula nguvu nyingi zaidi za injini, na nguvu za injini ni dizeli. Mabua yakiwa mabichi au yamelowa, huweza kujisokota na kuziba. Na majani yatokayo yamevunjikavunjika, hayafai tena kufungwa matita mazuri. Kwa mkulima wa Illinois ambaye hana ng'ombe hata mmoja, hilo si neno. Kwa mkulima wetu ambaye mabua hayo ndiyo malisho ya ng'ombe wake wakati wa kiangazi, ni hasara ya pili ambayo haikuandikwa katika karatasi ya bei. Kwa sababu hizo wako waundaji waliochanganya njia zote mbili, ngoma mbele na mitungi nyuma, wakapata mashine hodari iliyo nzito zaidi, yenye sehemu nyingi zaidi, na ghali zaidi.

Tumetaja uzito. Hilo pengine ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kombaini za leo, nalo halionekani kwa macho. Wataalamu wawili wa udongo, Thomas Keller na Dani Or, walieleza mwaka 2022 kwamba kombaini iliyojaa nafaka, ambayo mwaka 1958 ilikuwa na uzito wa kadiri ya tani 4, ilifika kadiri ya tani 36 mwaka 2020. Wakaulinganisha uzito huo na ule wa wanyama wakubwa mno waliokanyaga dunia zamani na ambao sasa tunaona mifupa yao tu. Wakakadiria kwamba kiasi cha sehemu moja kwa tano ya ardhi ilimwayo duniani imo hatarini.

Waundaji hawakulala. Kadiri mashine ilivyonenepa ndivyo walivyopanua matairi, na wengine wakaweka minyororo kama ya kifaru, ili uzito utandazwe juu ya eneo kubwa. Kwa hiyo udongo wa juu haukuumia zaidi kuliko zamani. Lakini udongo wa chini, nusu mita na kuzidi, hausikii upana wa tairi. Husikia jumla ya mzigo. Huko ndiko unakoshindiliwa, ambako jembe halifiki wala mizizi haipenyi tena kwa urahisi, na maji ya mvua hukosa njia ya kuzama. Udongo uliokwatuka juu hurekebishwa kwa msimu mmoja. Udongo ulioshindiliwa chini waweza kukaa miaka mingi katika hali hiyo.

Mtu atauliza: kwa nini basi wasiunde mashine nyepesi? Jibu ni kwamba katika nchi zao dereva ni ghali, na siku za jua ni chache. Tangi la lita 14,000 hubeba ngano ipatayo tani 10 au 11, ili mashine isisimame mara kwa mara kumwaga nafaka. Mwaka 2014, huko Lincolnshire, Uingereza, kombaini moja ya New Holland ilivuna tani 797 za ngano kwa muda wa saa 8, na ikaandikwa kuwa ni rekodi ya dunia. Ni kazi ya ajabu, nasi twaistahi. Lakini shamba lile lilikuwa likitoa karibu tani 10 kwa hekta. Pelekeni mashine hiyo kwenye shamba litoalo tani 1 na nusu, nayo itakuwa kama kinu kikubwa kilichotiwa kibaba kimoja cha mahindi. Mashine isiyoshiba huzipasua punje zaidi, kwa kuwa hamna wingi wa mabua wa kuzikinga zisigongane na chuma. Na dereva, akitaka kuishibisha, huongeza mwendo mpaka shamba lenye mashimo na vichuguu limvunjie kisu cha kukatia.

Wasikilizaji wapenzi, hapa kwetu Uganda ngano hulimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Kapchorwa na Bukwo. Miteremko nayo ina neno lake. Kombaini ikiinama upande, nafaka yote huteremkia ubavu mmoja wa chekecheke. Upande huo hulemewa na kutupa punje nje, na ule mwingine hupitisha upepo mtupu. Wamarekani wa nyanda za vilima za kaskazini magharibi waliliona hilo mapema, na katika miaka ya 1890 Benjamin Holt aliuza kombaini zilizoweza kusawazishwa mlimani. Mpaka leo ziko kombaini za namna hiyo, lakini bei yake ni kubwa na vyuma vyake ni vingi. Anunuaye kombaini ya tambarare akaipeleka mlimani asiilaumu mashine.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mashamba ya Australia walijifunza kwa uchungu. Kombaini hutenga nafaka kwa ajili yetu, lakini mbegu za magugu huzitupa nyuma pamoja na makapi, ikizipanda upya katika shamba zima. Na mashine ya kukodi, itokayo shamba hadi shamba, hubeba mbegu hizo katika pembe zake kama mbwa abebavyo kupe. Magugu yalipozoea dawa, mkulima mmoja wa Australia Magharibi, Ray Harrington, aliunda kinu cha kuzisaga mbegu hizo zitokapo nyuma ya kombaini. Katika Kenya, nyanda za Uasin Gishu na Narok zina kombaini nyingi za kukodi. Ni desturi njema, maana si kila mkulima awezaye kununua mashine. Lakini kuisafisha mashine kabla haijavuka mpaka wa shamba ni lazima. Tena makapi na vumbi vikirundikana karibu na injini na bomba la moshi huweza kuwaka moto, na moto huo ukateketeza mashine na shamba pamoja.

Sasa tufikie jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Zamani kombaini ilipogoma, fundi alifungua kwa spana, akatazama mkanda uliokatika au beringi iliyokufa, akaibadili. Siku hizi ndani ya mashine mna kompyuta nyingi. Zikisikia hitilafu ndogo, huipunguza nguvu injini au kuizima, na mara nyingi ni programu ya kampuni peke yake iwezayo kusema kosa liko wapi na kukubali kifaa kipya. Wakulima wa Marekani wenyewe wamelia juu ya jambo hilo. Januari 2023 kampuni ya John Deere ilitiliana saini mapatano na chama kikubwa cha wakulima wa nchi hiyo kuhusu kuwapatia wakulima vifaa vya kujitengenezea. Mwaka huo huo jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mashine za kilimo, ikaanza kutumika mwaka 2024. Na Januari 2025 tume ya serikali kuu ya Marekani isimamiayo biashara, ikishirikiana na baadhi ya majimbo, iliishtaki kampuni hiyo mahakamani. Kampuni ilikanusha madai hayo.

Lipo tukio moja lenye mafunzo. Mwaka 2022, wakati wa vita vya Ukraine, iliripotiwa kwamba mashine za kilimo, zikiwemo kombaini, ziliporwa kwenye duka la wakala mjini Melitopol, zikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Chechnya. Walipojaribu kuziwasha zikakataa. Zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Wengi walicheka, na mwizi hastahili kuhurumiwa. Lakini yafaa tuwaze baada ya kicheko. Ufunguo uwezao kumfungia mwizi waweza pia kumfungia mnunuzi halali, iwapo kuna ugomvi wa malipo, au vikwazo vya biashara baina ya mataifa, au kampuni imeamua tu kwamba mtindo ule ni wa zamani na hauhudumiwi tena. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mashine ambayo ufunguo wake uko ng'ambo ya bahari ni ya kuazima, hata kama risiti ya kuinunua iko mfukoni mwetu.

Nasi tusidhani kwamba wingi wa mashine ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Umoja wa Kisovyeti ulikuwa ukiunda kombaini zaidi ya 100,000 kila mwaka, nyingi kuliko Marekani. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo nchi hiyo ilikuwa ikinunua nafaka kwa mamilioni ya tani kutoka nje. Viwanda vilipimwa kwa idadi ya mashine zilizotoka mlangoni, si kwa magunia yaliyofika ghalani. Spea zilikuwa haba, na mashine nyingi zikangoja matengenezo wakati ngano inapukutika. Idadi ya kombaini ni habari za kiwandani. Mkate ni habari nyingine.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana somo lao. Katika nyanda za Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1970 na 1980, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Matrekta na kombaini zilifuata mtindo wa nyanda za Kanada. Ngano ilipatikana, hilo ni kweli, na vijana wa Kitanzania walisomeshwa ufundi. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, nao walilalamika na kwenda mahakamani. Na mpango wote uliegemea mafuta, spea na fedha za kigeni. Misaada ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba hayakuweza kuendelea kama mwanzo. Hatusemi haya kumsimanga jirani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Je, twende wapi basi? Turudi kwenye mundu tukae? La. Mundu ni kazi ya kuvunja mgongo, na aghalabu mgongo wenyewe ni wa mama. Mazao yakichelewa kuvunwa hupukutika, huliwa na ndege, au hunyeshewa. Haja ya mashine ipo. Lakini kombaini kubwa si mashine pekee duniani. Huko Ufilipino, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliunda katika miaka ya 1970 mashine ndogo ya kupuria ambayo michoro yake ilitolewa ili mafundi wa vichochoroni waweze kuitengeneza kwa mabati na vyuma vya kawaida, nayo ikaenea Asia. Mkulima hukata kwa mkono, mashine ikapura. Kazi nzito kuliko zote imeondoka, na fundi wa kuitengeneza yuko sokoni.

Wajapani, ambao mashamba yao ni madogo kama majamvi, waliunda katika miaka ya 1960 kombaini ndogo ilishayo ngoma kwa masuke peke yake, mabua yakabaki nje mazima. Hutumia nguvu kidogo na huacha majani mazuri, ila vyuma vyake ni vingi na vyahitaji uangalifu. Ziko pia kombaini nyepesi za minyororo za kuvunia mpunga, zielezo juu ya tope ambalo lingemeza mashine kubwa. Katika skimu yetu ya Doho, wilaya ya Butaleja, ambako kila mkulima ana kipande chake na kingo baina yao ni nyembamba, ni dhahiri ni mashine ya ukubwa gani iwezayo kugeuka bila ya kubomoa mfereji.

Na tusimsahau mtu wa mwisho, ambaye katika hesabu za waundaji hayumo kabisa. Ni yule kibarua anayengoja msimu wa mavuno ili alipwe fedha au debe la nafaka, na yule mjane aokotaye masuke yaliyosazwa. Mashine iliyoundwa Marekani wakati wa uhaba wa watu iliundwa ili kumwondoa kibarua, na huko hakukuwa na kibarua wa kuondolewa. Hapa yupo, na ana watoto. Chama cha ushirika kinunuacho mashine kina wajibu wa kumpangia kazi: ya kuanika, ya kupanga magunia, ya kupakia, ya ufundi. Kazi hizo zipo, tena nyingi. Kombaini ya wastani ivunayo tani 5 kwa saa hutoa tani 40 kwa siku ya saa 8, yaani magunia 400 ya kilo 100. Iwapo nafaka hiyo ina unyevu na hakuna sakafu ya kuanikia wala ghala, basi tutakuwa tumevuna upesi ili tuozeshe upesi, na sumukuvu itatuingilia majumbani.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla mkulima, chama au serikali haijatia saini karatasi ya kununua kombaini, kuna maswali yapasayo kujibiwa kwa maandishi. Shamba letu latoa tani ngapi, na mashine hii iliundwa kwa tani ngapi? Daraja letu na barabara yetu vitaibeba, na udongo wetu je? Mteremko wetu ni wa kiasi gani? Spea ziko wapi, katika nchi hii au ng'ambo, na zitalipiwa kwa fedha gani? Fundi wetu atapewa vitabu na programu ya kutafutia makosa, au atasimama pembeni akingoja mgeni? Majani yataliwa na nani? Nafaka itaanikwa wapi? Na kibarua atafanya nini? Muuzaji mwema hatachukia kuulizwa maswali hayo. Atakayechukia ametoa jibu tayari.

Kombaini ni mkusanyiko wa mapatano: kasi kwa punje nzima, upana kwa uzito, uhodari kwa dizeli, wepesi wa dereva kwa uhuru wa fundi. Mapatano hayo yaliafikiwa mezani na watu ambao hawakuwa na haja ya kutuuliza. Sasa yatupasa sisi tuulize. Tukishachagua mashine itufaayo, iwe kubwa au ndogo, tuitunze, tuisafishe, na dereva wake ashuke mara kwa mara, ainame nyuma yake, ahesabu punje.